Deni la Mwanagenzi

Madeni ya duniani ni ya namna mbili. La kwanza huandikwa katika hati. Kiasi chake hujulikana, na siku ya kulipwa hujulikana, na mdai akisha kupokea haki yake huaga akaenda zake. La pili halina hati wala shahidi. Mtu aliyekupokea siku ulipokuwa hujui kazi, akakuonyesha namna ya kushika chombo, akakukemea ulipokosa na kukutetea ulipoonewa, huyo unawiwa naye kiasi gani? Utamlipa kwa sarafu gani? Na ni siku ipi utakapokuwa na haki ya kumwambia kwamba yeye na wewe hamdaiani tena? Msomaji wangu, miaka si mingi utatoka shuleni uende ukatafute kazi, na huenda swali hili likakukuta kabla hujapokea mshahara wako wa tatu. Ni afadhali kulifikiri sasa, wakati bado huna mwajiri wa kumwogopa.

Majibu mawili husikika sana. Jibu la kwanza husema kwamba deni hilo hulipwa kwa utii: aliyekufundisha ni mzazi wako wa pili, neno lake ni sheria, na ampingaye amestahili kuambiwa kuwa fadhila ya punda ni mateke. Jibu la pili husema kwamba hapana deni hata kidogo. Mwajiri alinunua kazi, nami nikauza. Alitoa fedha, nami nikatoa jasho. Mizani ikakaa sawa. Silidharau jibu hili, maana wako waajiri wengi wasiofundisha kitu ila uchovu, na hao wakisha kulipa mshahara na kupata kazi yao, hesabu imekwisha. Lakini halimfai yule aliyetoa zaidi ya mshahara. Na jibu la kwanza nalo lina hatari yake, ambayo nataka tuitazame katika maisha ya watu ambao habari zao zinajulikana. Watu hao walifanya kazi ya televisheni.

Nimeichagua kazi hiyo kwa sababu ni changa. Wahenga walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na katika kiwanda cha mhunzi maneno hayo ni kweli tupu: chuma ni kile kile, moto ni ule ule, na mzee ajua kwa sababu baba yake na babu yake walijua. Kijana akivukuta miaka mitatu bila ya kuuliza neno hapotezi kitu. Televisheni haikuwa na babu. Shirika la BBC la Uingereza lilianza kutangaza kwa televisheni mwaka 1936, likanyamaza mwaka 1939 kwa sababu ya vita, likarejea mwaka 1946. Televisheni ya kibiashara ilifunguliwa huko mwaka 1955. Hapa Kenya televisheni ilianza mwaka 1962. Basi katika miaka nitakayoieleza, mwalimu mwenyewe alikuwa mwanafunzi aliyewatangulia wenzake kwa hatua chache, na kumtii mwalimu wa namna hiyo ni jambo gumu kuliko kumtii mhunzi.

Sydney Newman alizaliwa mjini Toronto, nchi ya Kanada, mwaka 1917. Alikuwa mchoraji, na mwaka 1941 akaingia katika National Film Board, idara ya serikali ya kutengeneza sinema. Kazi aliyopewa kwanza ilikuwa ya kuunganisha vipande vya filamu, kazi ya chini katika nyumba ile. Mkuu wa idara alikuwa John Grierson, Mskoti aliyepata sifa mwaka 1929 kwa sinema yake iitwayo Drifters, iliyowaonyesha wavuvi wa bahari ya kaskazini wakiwa kazini. Grierson alishikilia kwamba jasho la mtu wa kawaida linastahili kutazamwa kama vile zinavyotazamwa sebule za wenye mali. Newman alilisikia fundisho hilo akiwa na mkasi na gundi mkononi, wala hakulisahau. Mwaka 1958 alikwenda Uingereza kuwa mkuu wa michezo ya kuigiza katika kampuni ya televisheni iliyoitwa ABC, na huko akataka michezo ya watu wa nchi ile kama walivyokuwa siku zile, katika nyumba zao na kazi zao. Tazama, hakuiga sinema za Grierson. Michezo ya televisheni ni kazi nyingine kabisa, yenye waigizaji na maneno ya kubuni. Alichochukua kwa mwajiri wake wa zamani ni namna ya kutazama.

Katika kampuni ile alimkuta msichana mmoja wa London aliyeitwa Verity Lambert, aliyezaliwa mwaka 1935. Alikuwa ameingia katika televisheni mwaka 1956 kuwa karani katika kampuni nyingine, na baada ya miezi sita akafukuzwa. ABC ilimwajiri kuandika hati mkato na kupiga chapa. Kutoka mezani pa karani alipanda kidogo kidogo mpaka akawa msaidizi katika utayarishaji wa michezo. Inafaa nieleze kazi hiyo, maana asiyeijua hataelewa jambo lililotokea.

Siku hizo michezo mingi haikurekodiwa kwanza. Waigizaji walicheza studioni, na watu majumbani wakawaona papo hapo. Mwongozaji alikaa katika chumba kilichotengwa, mbele ya vioo vingi, kila kioo kikionyesha picha ya kamera moja, naye akaamuru ni picha ipi iende hewani. Kando yake alikaa msaidizi mwenye saa na daftari la mchezo, akizitaja picha kwa namba zake na kuhesabu sekunde zilizobaki. Msaidizi haamui neno. Lakini mchezo mzima umo mkononi mwake, picha kwa picha, na anayesikiliza vizuri huweza kujua sababu ya kila amri.

Mwezi wa Novemba mwaka 1958 kampuni ile ilikuwa ikitangaza mchezo uitwao Underground, wa saa moja, juu ya watu walionaswa katika njia za treni chini ya mji wa London. Mchezo ulipokuwa katikati, mwigizaji mmoja, Gareth Jones, alianguka nje ya macho ya kamera muda mfupi kabla ya zamu yake ya kutokea, akafa. Hapakuwa na namna ya kusimama. Mwongozaji, Ted Kotcheff, ilimbidi ashuke studioni awapange upya waigizaji, wafike mwisho wa mchezo bila ya mwenzao. Kamera zilibaki na nani? Zilibaki na msaidizi. Verity Lambert, mwenye umri wa miaka 23 au karibu na hapo, aliziamuru kutoka chumba kile, na watazamaji wakaupata mchezo wao hadi mwisho.

Hapana hotuba iwezayo kumtayarisha mtu kwa usiku kama ule. Kilichomtayarisha ni kwamba alikuwa ameruhusiwa kukaa mahali kazi inapofanyika, akiona na kusikia, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kumhitaji. Mimi naihesabu hiyo kuwa zawadi ya kwanza ya mwajiri mwema, na haimgharimu fedha nyingi. Wako wakubwa wa kazi waufungao mlango wa chumba chao kana kwamba maarifa ni sukari, itaisha ikionjwa na wengi.

Hata hivyo usidhani kwamba tangu usiku ule njia ilikuwa nyeupe. Mwaka 1961 Verity alikwenda New York, akawa msaidizi wa mtayarishaji David Susskind kwa muda wa mwaka mmoja. Akarudi ABC, akakuta yu pale pale. Alitaka kuongoza michezo, lakini hakupewa. Aliweka nadhiri moyoni kwamba mwaka ukipita bila ya kupanda ataiacha televisheni kabisa. Wakati huo Newman alikuwa amehamia BBC, tangu Desemba mwaka 1962, kuwa mkuu wa michezo ya kuigiza. Huko alibuni mchezo wa mfululizo kwa ajili ya watoto, wa kuonyeshwa Jumamosi jioni, juu ya mzee msafiri wa nyakati na wenzake, wasafirio kwa chombo chenye sura ya kibanda cha polisi. Ukaitwa Doctor Who. Alitafuta mtayarishaji, watu wawili aliowaomba walikataa. Ndipo akamkumbuka Verity Lambert. Alipofika BBC mwaka 1963 alikuwa na miaka 27, na katika idara ile hapakuwa na mtayarishaji mwingine mwanamke, wala aliyekuwa mdogo kuliko yeye kwa umri.

Hapa msomaji mwenye akili atanisimamisha. Ataniuliza: Je, huo si upendeleo? Mtu anahama, anapata cheo, kisha anamwita amjuaye na kumpa kazi ambayo hajapata kuifanya hata siku moja. Sisi tumeona mambo hayo, wala hatukuyasifu. Tumeyaita kujuana, na tumeyaona yakiwaangamiza wenye haki. Kwa nini tendo hilo liwe ovu kwetu, na likitendwa London liitwe malezi?

Swali ni la haki, na silijibu kwa wepesi. Kama katika BBC alikuwako mtu aliyengoja zamu yake miaka mingi na akaona mgeni anapita mbele yake, siwezi kumlaumu kwa kunung'unika. Lakini naona tofauti moja. Ndugu wa mkubwa hupewa kiti kwa sababu ya nasaba, naye mpaji hajapata kumwona akifanya kazi, wala hajali. Newman alimwita mtu ambaye alikuwa amemwona kazini kwa macho yake. Tena ndugu wa mkubwa akisha kupewa kiti huondolewa mzigo: akikosa, kosa lake hufunikwa. Basi tazama lililompata Verity Lambert alipokosa.

Sehemu ya kwanza ya mchezo ilirekodiwa Septemba mwaka 1963, katika studio za Lime Grove mjini London. Mwongozaji alikuwa Waris Hussein, kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Lucknow, Bara Hindi. Hebu wafikiri hao wawili katika shirika lile la wazee wa Kiingereza: mwanamke wa miaka 27 na Mhindi wa miaka 24, wamepewa mchezo mpya kabisa na studio iliyochakaa. Newman alipoitazama kazi yao hakuipenda. Mzee msafiri alionekana mkali mno. Na mambo mengine hayakukaa sawa. Aliwaambia kasoro zao moja moja bila ya kupaka asali, kisha akawaambia waifanye upya kazi yote. Hakuificha kazi mbaya kwa sababu ya kumpenda aliyeifanya, wala hakumfukuza aliyeifanya kwa sababu ya ubaya wa kazi. Kupotea njia ndiko kujua njia. Lakini apoteaye lazima awepo mtu wa kumwambia kwamba amepotea, na ampe nafasi ya kurudi. Walirekodi upya mwezi wa Oktoba, na mchezo ukaonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani.

Sasa tunafika penye kiini cha swali letu. Newman alipoubuni mchezo alitoa katazo moja kubwa. Hakutaka madude ya kutisha yenye macho ya kutokeza, yale yaliyojaa katika hadithi za bei rahisi. Alitaka watoto wajifunze historia na sayansi. Lakini mwandishi Terry Nation alileta mchezo wa pili wa mfululizo, na ndani yake walikuwamo viumbe waitwao Dalek, waliokaa ndani ya magamba ya chuma na kutaka kuangamiza kila asiyefanana nao. Donald Wilson, aliyekuwa mkuu wa michezo ya mfululizo, aliusoma akauona mbaya, akataka uachwe. Verity alimjibu kwamba hapana mwingine uliokuwa tayari. Ukatengenezwa, ukaanza kuonyeshwa Desemba 1963. Newman alipouona aliwaka hasira: agizo lake la kwanza lilikuwa limevunjwa na mtu aliyemwinua yeye mwenyewe. Verity hakuomba radhi. Alimweleza kwamba hao si madude. Ni watu walioharibiwa na vita vya silaha za nyuklia, miili ikadhoofika hata ikahitaji kukaa ndani ya mashine. Yaani alimwambia mwalimu wake kwamba amelifuata kusudi la agizo, ijapokuwa amelikiuka neno lake.

Watoto wa Uingereza waliwapenda Dalek kwa kuwaogopa, na mchezo uliokuwa mashakani ukapata maisha marefu: uliendelea hadi mwaka 1989, ukafufuliwa mwaka 2005. Naye Wilson alikiri kwamba Verity aliujua mchezo ule kuliko yeye, na kwamba hataingilia tena.

Nadhani umeona jinsi ilivyo rahisi kuihukumu habari hii kwa mwisho wake. Dalek walipendwa, kwa hiyo Verity alifanya vyema. Je, wasingalipendwa? Kama watoto wangalicheka na kuzima televisheni, tungalisema leo kwamba alikuwa mwanagenzi asiye na shukrani? Mimi sikubali kwamba uadilifu wa tendo la Jumatatu unangoja matokeo ya Jumamosi. Tendo lake lilikuwa halali kabla ya mtoto yeyote kumwona Dalek, kwa sababu alilitenda katika kazi aliyokabidhiwa, kwa jina lake mwenyewe, na kwa sababu aliyoweza kuitetea mbele ya mkubwa wake aliyekasirika. Angaliweza kujificha nyuma ya mwandishi, au kusema kwamba Wilson aliujua mchezo. Na kama kazi ingaliharibika, lawama ingalikuwa yake, naye alijua. Mwanafunzi anayemkaidi mwalimu gizani ni mwizi wa imani; anayempinga usoni, na kujiweka tayari kulipa gharama, anaitumia imani ile kwa kazi iliyokusudiwa. Newman hakumpeleka BBC awe mkono wa pili wa Newman. Mikono alikuwa nayo miwili. Alimhitaji mtu mwenye macho.

Jibu la utii linashindwa hapo, kwa kuwa linamdhulumu mwalimu mwenyewe. Mwalimu akitiiwa daima hupata kwa mwanafunzi wake kile tu alichokwisha kuwa nacho. Lakini usinielewe vibaya, ukaenda kazini wiki ya kwanza ukimpinga kila mtu. Kabla ya mabishano yale Verity alikuwa amekaa miaka na saa na daftari, akihesabu sekunde za michezo ya watu wengine, na alikuwa amekubali kurudia kazi yake yote alipoambiwa kwamba ina kasoro. Ukaidi wa asiyejua kuvukuta ni kelele.

Na walimu je? Yawezekana umeanza kudhani kwamba Newman alikuwa mwalimu mwema kwa tabia yake, awe wapi, awe na nani. Mwaka 1970 alirudi Kanada, akafanywa mkuu wa National Film Board, akakaa katika kiti kile kile alichokikalia Grierson siku yeye alipokuwa akiunganisha vipande. Grierson alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1972. Ungalitazamia kwamba sasa duara limekamilika. Walakini watengenezaji wengi wa sinema katika idara ile walikuwa watu wa Quebec, wasemao Kifaransa, na Newman hakuijua lugha hiyo. Kijana wao mmoja, Denys Arcand, alitengeneza sinema iitwayo On est au coton, juu ya hali ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Newman aliizuia. Haikutolewa rasmi mpaka mwaka 1976, yeye akiwa amekwisha kuondoka.

Fikiri jambo hilo polepole. Fundisho la Grierson lilikuwa kwamba kazi ya watu wa kawaida istahili kutazamwa, na katika kiti cha Grierson sinema ya wafanya kazi ilifungiwa kabatini. Aliyemwachia Verity Lambert avunje katazo lake hakumwachia Arcand. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa za Quebec za miaka ile zilikuwa moto. Lakini moja naiona wazi. Verity alimjua kwa miaka, alisikia hoja zake kwa lugha yao wote wawili, aliweza kukasirika naye asubuhi na kukubali jioni. Wale wengine alihitaji kutafsiriwa maneno yao. Imani ya mwalimu hufika pale masikio yake yanapofika, na mkubwa wa kazi asiyejifunza lugha ya walio chini yake atawalea wachache tu, wale wanaofanana naye, hata akiwa na moyo mwema.

Wakati huo huo Verity Lambert alikuwa akiendelea Uingereza. Mwaka 1968 kampuni ya ABC iliungana na nyingine, ikazaliwa kampuni iliyoitwa Thames; na mwaka 1974 Thames ilimfanya mkuu wa michezo ya kuigiza. Hivyo yule mpiga chapa alirudi katika uzao wa nyumba alimoanzia, sasa akikalia cheo ambacho Newman alikuwa nacho siku walipokutana. Baadaye aliongoza Euston Films, kampuni iliyokuwa chini ya Thames, na mwaka 1983, yeye na Linda Agran wakiwa watayarishaji wakuu, walitoa mchezo wa mfululizo uitwao Widows, juu ya wajane wa wezi wanaojaribu kuutimiza wizi ulioshindwa na waume zao. Maandishi yalikuwa ya Lynda La Plante. Alikuwa mwigizaji, na watu wa televisheni walimjua kwa sura yake. Jina la uandishi hakuwa nalo bado.